Meno Sita ya Mzee Maranga

Sista Pamela alikuwa na miaka kumi na tisa ya uuguzi alipopelekwa Homa Bay kusomea meno kwa wiki mbili. Wauguzi kumi na wanne waliambiwa kwamba kuanzia sasa mgonjwa hatapimwa presha na uzito tu, ataangaliwa mdomo pia. Pamela hakuona ajabu. Mdomo wa mgonjwa huja zahanati pamoja naye. Ajabu ni kwamba serikali ilichukua miaka kumi na tisa kuuona.

Kilichobaki ni mtihani. Daktari Angwenyi, daktari wa meno kutoka Kisii, alizunguka zahanati moja baada ya nyingine na fomu zake. Alama zilikuwa arobaini. Kufaulu, thelathini na tano. Ukifaulu, zahanati yako inaachiwa sanduku la vifaa vya kung'olea. Ukianguka, wagonjwa wako wanaendelea kwenda Migori mjini, na wasio na nauli wanaendelea kwenda kwa Nyarangi, fundi wa baiskeli, ambaye ana koleo yake. Mwaka huo Pamela alikuwa ameshona kazi ya Nyarangi mara mbili.

Siku hiyo, pale zahanati yao karibu na Macalder, mgonjwa wa mtihani alikuwa Mzee Maranga, miaka themanini na sita, jino la juu linacheza.

"Fungua mdomo, jaduong'," Pamela alimwambia, akimwita mzee kwa lugha ya kwao.

"Nimekuja na jino moja. Unataka yote ya nini?"

"Fungua."

Akamulika tochi, akapapasa fizi, kisha akauliza, "Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?"

"Hilo pia ni jino?"

"Mara ngapi?"

"Nne. Tano kama kulikuwa na uji."

Pamela akamtoboa kidole, akapima sukari. Fomu ilikuwa ya meno tu, kwa hiyo sukari akaiandika nyuma. Mbele akaandika: fizi zimevimba, jino moja la juu linacheza, mengine yote yapo.

Daktari Angwenyi akaichukua fomu, akachungulia mdomo mwenyewe. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Sista, huyu mzee hana meno sita ya mbele, chini."

"Hana, ndiyo."

"Umeandika yapo."

Pamela akatazama. Kweli, hayakuwepo. Baba yake hakuwa nayo, babu yake hakuwa nayo, wala wazee wote waliowahi kumjia na malaria. Hakuwa ameona pengo. Alikuwa ameona mdomo wa mzee.

"Hayakuanguka," Mzee Maranga akasema. "Yalitolewa nikiwa kijana, kama ya kila kijana wa rika langu. Sikulia. Ndugu yangu alilia."

"Fomu ina sababu mbili tu, kuoza na ajali," Angwenyi akasema. "Nitie alama wapi?"

"Ajali gani, na tulipanga foleni?" mzee akauliza.

Angwenyi akakata alama sita, moja kwa kila jino. Ikabaki thelathini na nne. Kisha, ili safari ya mzee isipotee bure, akasema atamng'oa lile linalocheza, akaanza kuvuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

"Hutang'oa," Pamela akasema.

"Sista, umeanguka mtihani."

"Nimesikia. Geuza fomu."

Akageuza. Sukari, ishirini na mbili, na ya kawaida haifiki nane.

"Hizo fizi ni sukari inazila, na hakuna aliyewahi kumpima," Pamela akasema. "Ukimng'oa leo kidonda hakitapona. Wewe utakuwa Kisii. Mimi nitakuwa hapa naye."

Angwenyi akaisoma ile namba. Akairudisha sindano kwenye trei. Akachukua rula, akapiga mstari chini ya kuoza na ajali, akaandika kwa mkono: desturi. Akampa Pamela fomu.

"Jaza."

Pamela akaandika sita.

"Sanduku liko kwa gari," Angwenyi akasema, akivua glavu. "Halafu itabidi nirudi Mbita na Kendu Bay. Huko nimeangusha wawili kwa jambo hili hili."

Mzee Maranga alikuwa bado ameachama.

"Funga, jaduong'," Pamela akamwambia. "Sasa tuongee juu ya uji."