Safu ya Wengineo

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, Bi Darubini alifungua pazia la ofisi, akamimina chai kwenye kikombe chake chenye ufa, akaanza kuchapisha picha alizorudi nazo kutoka jangwani. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Alikuwa amekaa huko siku tisa na Dereva wa idara, wakila mkate mkavu na kutafuna mchanga bila kupenda, na pua yake ilikuwa bado inabanduka ngozi. Picha ya mbuni ilitoka vizuri. Ya tai ikatoka vizuri pia. Picha ya kumi na saba, ya ndege mdogo wa kahawia aliyesimama kando ya jiwe, ilitoka ikiwa na jiwe peke yake, kwa sababu ndege mwenyewe alikuwa ameshashuka kwenye trei ya printa, akajikung'uta, akaanza kutembea juu ya meza.

Bi Darubini alisogeza kikombe kisipigwe teke, akachapisha nyingine. Na huyo naye akatoka. Kufikia saa nne walikuwa sitini na watatu, wote wadogo, wote wa kahawia, wakitembea juu ya mafaili kama watu waliowahi mkutano na kukuta mwenyekiti hajafika.

"Hao watakunya," alisema Mama Usafi, amesimama mlangoni na ndoo yake. "Na meza nimeshaifuta."

"Tutavumilia."

"Nyie mtavumilia. Mwenye kitambaa ni mimi."

Mlinzi alipanda ngazi na daftari la wageni kwapani, amenuna. Alikuwa na miaka kumi na minne getini na hajawahi kupitisha mtu bila kumwandika, wala kufunga siku bila kujumlisha wageni.

"Bi Mkubwa, hawa wamepitia wapi? Mimi sikuwaona."

"Wamepitia kwenye printa."

"Hata wangepitia kwenye bomba. Mgeni ni mgeni."

Akaketi, akapiga mistari sitini na mitatu. Muda wa kuingia: saa nne. Kwenye sababu ya ziara alitafuna kalamu kidogo, kisha akaandika: kutambuliwa. Safu ya jina aliiacha wazi, maana hakuna aliyejua majina yao, na hapo ndipo penye shughuli.

Idara ilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na sheria. Jangwa likionekana kuwa na aina kumi za ndege, liliachwa kama lilivyo. Likipungukiwa hata na moja, liliitwa eneo tupu, na hilo jangwa lilikuwa linasubiriwa na kampuni ya kuchimba chumvi yenye magreda mapya ya manjano, ambayo hayajaguswa hata na tope. Mkuu wa idara angetia sahihi Ijumaa saa sita mchana. Bi Darubini alikuwa na aina tisa zisizo na ubishi, kuanzia mbuni hadi firigogo. Wa kumi alikuwa huyu wa kahawia, na ndege wa kahawia, yeyote aliyewahi kushika darubini atakuambia, ni mtihani. Asubuhi ana wekundu wekundu, adhuhuri ni kijivu, jioni unapiga picha nne nzuri za kichuguu.

Kwa kawaida ndege wa namna hiyo waliingizwa safu ya mwisho ya fomu, inayoitwa "Wengineo". Wengineo hawakujumlishwa. Safu hiyo ilibuniwa na Bi Darubini mwenyewe, miaka ishirini na miwili iliyopita, siku moja kabla ya harusi yake, alipobakiwa na picha arobaini za ndege wa kahawia huku gauni lake likiwa bado kwa fundi. Alichukua rula, akapiga mstari, akaandika neno moja, akatoka mbio. Sahihi ya pili iliwekwa na bwana harusi, aliyekuwa ameketi meza ya jirani. Mkuu wa wakati huo aliipenda safu ile hata akaamuru ichapwe kwenye fomu zote.

Bwana harusi alikuwa bado anaketi meza ya jirani. Siku hizi alikuwa mtalaka wake, na idara nzima ilimwita Bwana Hapana. Kila aina ya ndege ilihitaji sahihi za watambuzi wawili, na watambuzi wenyewe walikuwa hao hao. Tangu wafahamiane walikuwa wamekubaliana mambo mawili tu: safu ya Wengineo na talaka.

"Baba Mapacha," alisema Bi Darubini, akimwita kwa watoto wao kama zamani, "nataka sahihi yako kwa mmoja wa hawa."

"Yupi?"

"Yeyote."

"Hapana."

Jumanne ilifahamika jinsi ndege hao wanavyofanya kazi. Ukimwita mmoja kwa jina lisilo lake, wote walikupa mgongo. Bi Darubini alifungua kitabu cha ndege kwenye sura ya vipozamataza, ndio ndege wadogo wanaofanana na ardhi wanayokanyaga, akaanza kusoma kwa sauti. Kipozamataza wa mchanga. Migongo sitini na mitatu. Aliwangoja wageuke tena. Kipozamataza mdomo-mnene. Migongo sitini na mitatu. Watu wa masjala walikuja kutazama wakati wa chai na hawakurudi kwao mpaka saa nane.

"Mwite shomoro," alipendekeza mmoja.

"Shomoro!"

Ndege mmoja hakugeuka tu, aliondoka kabisa, akashuka ngazi zote kwa miguu. Mlinzi alimrudisha, kwa kuwa hakuwa ameandikwa muda wa kutoka.

Jumatano Bwana Hapana alishindwa kujizuia. Ubishi ni ubishi, lakini ndege ni ndege, na huyo mtu alikuwa fundi. Alivuta kiti, akalaza rula mezani, na ndege mmoja akapanda juu yake akanyoosha bawa bila kuombwa.

"Milimita tisini na mbili," alisema Bwana Hapana.

"Tisini na moja."

"Hapana. Vaa miwani, Mama Mapacha."

"Nimeivaa. Ya kwako ndiyo iko kwenye paji la uso."

Waligombania bawa, wakagombania mkia, wakaja kwenye ukucha wa nyuma, ambao mmoja alisema umenyooka na mwingine akasema haujapinda. Mchanga ulikuwa unamwagika polepole kutoka kwenye picha zilizoachwa wazi, na kufikia mchana ulifika vifundoni. Mama Usafi aliweka dekio kando, akaleta reki. Bi Darubini aligundua kwamba amekuwa akicheka tangu asubuhi. Alikuwa na furaha, furaha ya kijinga isiyo na adabu, na ilikuwa miaka mingi tangu ugomvi na mtu yule umpe chochote zaidi ya kichwa kuuma.

Alhamisi saa tisa kitabu kiliisha. Ndege walikuwa wamegeuka mara mia moja na nne, na wengine walianza kuyumba.

"Hayumo," alisema Bi Darubini.

Kila mtu alimtazama Bwana Hapana, naye akafungua kitabu upya, akakifunga.

"Hayumo," alisema. Halafu akaongeza haraka, "Lakini simaanishi ninakubaliana nawe."

Wakati huo Dereva aliingia kutafuta mtu wa kumsainia kitabu cha safari. Alivuka mchanga bila kuangalia chini, kwani kwao ni kulekule kwenye ukingo wa jangwa.

"Mbona mnamtesa huyo?" aliuliza. "Bi Mkubwa, si nilikutajia jina lake kulekule? Ukaniambia niangalie barabara."

Bi Darubini alikumbuka. Alikuwa amemwambia hivyo mara mbili, na mara ya pili alikuwa amegeuzia uso dirishani.

"Nitajie tena, baba," alisema. "Safari hii nakusikiliza."

"Huyo ni kitangulia. Bibi yangu alinionyesha nikiwa nachunga mbuzi. Unatembea, yeye anakimbia mbele yako hatua kumi, anasimama, anakuangalia kama unakuja. Anakimbia tena. Ukipotea mfuate, hakupeleki pabaya."

Ndege wote sitini na watatu waligeuka ubavu. Waliinua videvu, wakanyanyua bawa la kulia, na chini ya kila bawa kulikuwa na mstari mweupe mwembamba ambao hakuna picha iliyowahi kuunasa. Kisha, bila kusukumana, kila mmoja alikwenda kwenye karatasi yake, akapanda, akasimama kando ya jiwe lake, bawa likiwa bado juu.

Bwana Hapana alitoa kalamu mfukoni.

"Ndiyo," alisema.

Mama Usafi aliangusha reki. Watu wa masjala walikuja kumwomba arudie, wengine hawakuwa wamesikia vizuri, lakini alisema moja latosha. Bi Darubini alimshika mtalaka wake mikono yote miwili, wakazunguka meza mara tatu wakitimua mchanga, Dereva akipiga makofi, mpaka wakakumbuka kuwa wameachana. Basi wakaketi, kila mmoja meza yake, wakihema.

Ijumaa saa tano na nusu waliipeleka fomu wote wawili. Mkuu alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti, na alisoma mstari kwa mstari kwa ncha ya kidole.

"Jumla, kumi," alisema. "Hongereni sana. Picha safi. Na huu mstari chini ya bawa, mashallah." Akafungua droo, akatoa orodha rasmi ya majina, akapitisha kidole tena. "Kitangulia hayumo kwenye orodha."

"Ndio uzuri wenyewe, Mkuu," alisema Bi Darubini. "Ni mpya."

"Ni habari njema kabisa. Sasa, ndege asiye kwenye orodha tunamweka wapi?"

Akashusha kidole hadi safu ya mwisho ya fomu.

"Kwenye safu yako, Bi Darubini. Sijui idara hii ingefanyaje bila safu ile." Alimhamisha kitangulia kwa mkono wake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, akafuta kumi, akaandika tisa.

"Na orodha inaandikwa kutokana na nini?" aliuliza Bwana Hapana.

"Kutokana na jumla za fomu," alisema Mkuu, akatafuta mhuri.

Saa sita kamili barua ya kuliita jangwa eneo tupu ilikuwa na mhuri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba anaweza kuingia humo na jangwa zima. Bi Darubini alishuka ngazi ameshika ukuta. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na ilikuwa imevaa gauni la harusi.

Magreda yaliingia jangwani Jumatatu iliyofuata. Saa nne asubuhi vitangulia sitini na watatu walishuka tena kutoka kwenye picha zao, na safari hii hawakuja peke yao. Mlinzi alikuta foleni getini: mbuni wawili, familia ya firigogo, tai mmoja aliyekataa kusimama nyuma ya mbuni. Aliwaandika wote. Kwenye sababu ya ziara aliandika: kuhamia.

Walizoeleka upesi. Mkuu alitoa waraka wa kuwataka watumishi wabishe hodi kabla ya kufungua droo, na mwingine kuhusu mbuni na lifti. Kila asubuhi vitangulia walikimbia mbele yake kwenye ukumbi hatua kumi, wakasimama kuangalia kama anakuja, wakakimbia tena mpaka kwenye kiti chake. Siku moja walichelewa, akaingia stoo, akakaa humo hadi saa nne. Ripoti ya mwaka aliiandika akiwa na kitangulia amesimama juu ya karatasi. Ilisema: jangwa, eneo tupu. Alimwomba ndege anyanyue mguu ili aweke nukta.

Kisha ikatangazwa kwamba mkaguzi anakuja, na Mlinzi akapanda na daftari.

"Bi Mkubwa, nina wageni sitini na watatu hawana majina. Nitamwonyesha nini mtu wa watu?"

Bi Darubini alichukua kalamu, akaanza juu ya ukurasa. Kitangulia. Kitangulia. Kitangulia. Bwana Hapana alivuta kiti, akachukua kalamu nyingine, akaanza chini akipanda. Hawakubishana. Walikutana kwenye mstari wa thelathini na mbili, na huo waliuandika pamoja, yeye nusu ya kwanza na mtalaka wake nusu ya pili. Katika jengo zima lenye makabati mia mbili ya mafaili, hapo ndipo pekee jina hilo lilipoandikwa mahali panapojumlishwa.

Mlinzi alikagua kazi yao, akaridhika, kisha akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Na muda wa kutoka?"

"Watoke waende wapi?" aliuliza Bi Darubini.

Mlinzi alimtazama Bwana Hapana, labda angekuwa na pingamizi, lakini Bwana Hapana alikuwa anafuta miwani yake. Basi akafunga daftari, akalirudisha kwapani, akashuka kwenda getini, na kitangulia mmoja akimtangulia, akisimama kila ngazi kuangalia kama anakuja.