Kafi la Anayeketi

Zilpah alifika kwa Ratemo fundi bila kusalimia mtu njiani, na kwa watu wa Sindo hilo peke yake lilitosha kuwaambia kwamba kuna moto.

"Fundi, nionyeshe kafi la mtumbwi wa marehemu mume wangu."

Ratemo, Mkisii aliyehamia ziwani, alishusha tezo lake. Kafi lilikuwa limeegemea ukuta, jeupe, bado linanuka utomvu. "Hili hapa, mama. Lakini aliyepimwa ni shemeji yako."

Kupimwa! Ufukweni pale kila mtumbwi ulikuwa na kafi lake, limechongwa kwa mwili wa mwenyewe. Asiyepimwa hana chombo. Zilpah alipokataa kurithiwa na Nicanor, ndugu wa mumewe, kwa kuwa Usabato wake haukumruhusu, Nicanor hakubishana. Akaenda kupimwa. Na mwaka ule, baada ya zile mvua kubwa za kabla ya Uhuru, ziwa lilikuwa limepanda likameza njia ya sokoni. Bila mtumbwi, vyungu alivyofinyanga Zilpah vya kuuza vingebaki kuwa nyumba za buibui, na watoto wangekula nini?

Nicanor mwenyewe akatokea, mrefu kama mlingoti.

"Aa, nyar Kendu, binti wa Kendu! Umekuja kunibebea kafi langu?"

"Lako tangu lini, yuora, shemeji yangu?"

"Simama nalo tuone."

Alilisimamisha kando yake. Likampita utosi kwa kiganja kizima. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wa omena wakaacha kazi, wavuvi wakacheka.

"Umeona? Hata kafi linakuangalia kwa juu!"

Masikio ya Zilpah yaliwaka. Akavuta kigoda cha fundi, akajibwaga juu yake.

"Kwani wewe hupiga kafi umesimama kama korongo? Ratemo, ulimpima vipi?"

Ratemo akakohoa. "Ameketi, mama. Mtumbwi mwembamba, watu huketi. Napima kutoka kigodani hadi katikati ya nyusi, halafu naongeza bapa la kukata maji."

"Basi nipime na mimi."

Fundi akamtazama Nicanor.

"Usimtazame yeye! Mwili ni wangu!"

Ratemo akachukua kamba aliyompimia Nicanor, yenye fundo, akaipandisha mgongoni mwa Zilpah. Fundo likatua katikati ya nyusi zake. Kicheko kikakatika. Maana urefu wote wa Nicanor ulikuwa miguuni, na ufupi wote wa Zilpah ulikuwa miguuni vilevile.

"Kitendawili!" Zilpah akawageukia waliomcheka.

"Tega!"

"Akisimama namtazama kifua, akiketi namtazama jicho."

"Nicanor!" akapaza sauti bibi mmoja kutoka kwenye omena, bila hata kuombwa mji.

Nicanor hakucheka. "Haya, shika mpini."

Zilpah akaushika. Kidole gumba hakikufikia cha kati. Mpini ulikuwa wa kiganja kipana.

"Mkono wa mtoto," alisema Nicanor. "Nenda ukafinyange."

Zilpah akalinyakua tezo.

"Mama, mti alileta yeye..." alianza Ratemo.

"Na mtumbwi? Nani alishika gogo mume wangu Javan alipolichonga? Huyu? Huyu alikuwa wapi?"

Akachonga. Vibanzi viliruka hadi kwenye miguu ya Nicanor. Anachonga, anashika, anachonga tena, jasho na machozi yanashuka pamoja, mpaka gumba likabusu kidole cha kati.

"Umeliharibu!" Nicanor alilipokonya, lakini mpini ukampotelea kiganjani kama kijiko cha uji.

"Kwako limeharibika."

Zilpah akamnyang'anya, akateremka majini. Nicanor alimfuata hadi maji ya magoti, akiita wazee, akitaja laana. Zilpah hakugeuka. Alipanda mtumbwi wa mumewe, akaketi, akapiga kafi kwa hasira hata maji yakamrukia shemeji yake usoni.

Hakumwomba radhi.