Sauti ya Mwana wa Dulcie

Wimbo ule ulirekodiwa gerejini, nyuma ya nyumba ya Dulcie, na hakuna redio ya Australia iliyothubutu kuucheza kwa hofu ya kushtakiwa, kwa sababu uliwataja kwa majina polisi waliomwacha Mwaborijini, mwenyeji wa asili kama Dulcie, afe mahabusu. Mwaka haukuisha, na aliyeuimba, mtoto wa Dulcie, naye akafia mahabusu humohumo.

Leo mchana ukumbi wa mji ulifurika watu waliokuja kudai uchunguzi. Dulcie alipompa fundi mitambo flashi yenye wimbo, Graham wa halmashauri akaidaka.

“Pole, mama. Mila yenu hairuhusu sauti ya marehemu isikike. Sisi tunaheshimu mila.”

“Ala! Alipokuwa hai mlimziba mdomo kwa sheria zenu, leo kafa mnamziba kwa mila yangu?”

“Mama, mimi nime…”

“Hebu nyamaza! Sauti huzuiwa na wafiwa, na wafiwa ndio huiachilia. Mfiwa ni mimi, siyo wewe!”

Akampokonya flashi, akaichomeka mwenyewe. Kisha akashika maiki, akalitamka jina ambalo, kwa mila hiyohiyo, hakuna mtu wa kwao aliyelitamka tangu mazishi.

“Huyu ni Lonnie, mwanangu. Msikilizeni.”