Pai ya Mshtakiwa

"Umelishtaki jimbo zima, Bi Verlene," alisema wakili Odell Prewitt, akijipepea kwa pepeo la karatasi lililogawiwa mazishini. "Na milima yake, na ng'ombe wake wote."

"Sasa ningemshtaki nani? Si jimbo ndilo linalomwondoa nesi wa Junie?"

Junie alikuwa na miaka sita, naye alipumua kwa mrija uliotiwa kooni. Usiku nesi alikaa kando ya kitanda, akivuta makohozi kutoka kwenye mrija ule kwa mashine, ili mama yake, Verlene, alale na asubuhi aende kiwandani kukata kuku. Tayari jimbo lilikuwa limepunguza baadhi ya usiku wa nesi, na Verlene alikuwa amepoteza mishahara kwa kusinzia kazini. Mwezi ujao nesi angeondolewa kabisa. Hapo Junie angepelekwa kituo cha wagonjwa, mbali kwa gari, akalale miongoni mwa vikongwe.

Verlene aliiandika kesi mwenyewe, pale mezani jikoni, huku mtoto akichora paka pembeni. Akaipeleka mahakama ya shirikisho. Jaji akaifuta kabla jina la Junie halijatajwa.

"Katiba inalikinga jimbo," alisema Odell. "Raia halipeleki mahakama ya shirikisho kwa jambo kama hili ila lenyewe liridhie. Na jimbo hili, mwanangu, haliridhii hata mvua."

"Basi yamekwisha."

"Nani kasema? Jimbo halina mkono. Linatia saini kwa mkono wa mtu. Mtu huyo akivunja sheria ya shirikisho, mahakama inamwambia, hapo wewe si jimbo, wewe ni mtu anayekosea, acha. Ukitaka ulipwe ya jana, watakufukuza tena. Ukitaka kesho asikutendee hivyo tena, watakusikiliza. Unanipata?"

"Kama Junie anaponiashiria kwamba kikombe kimejivunja chenyewe."

"Hasa."

"Na ile mishahara yangu?"

"Isahau. Hiyo ndiyo bei ya kuingilia mlangoni." Odell akaweka pepeo chini. "Sasa, mwenye mkono ni kamishna wa afya. Thelma Garrity."

Verlene alimjua vizuri. Bi Thelma alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili kabla hajahamia makao makuu ya jimbo. Kila kiangazi, siku ya waumini waliohama kurudi nyumbani, alikuja kanisani na bakuli lake la saladi ya viazi. Junie alipobatizwa, yeye ndiye aliyeshika taulo.

"Siwezi. Kwetu humshtaki mtu uliyekula naye meza moja."

"Basi mshtaki usiyemjua. Ila huyo hatakuwa na uwezo wa kumrudisha nesi."

Verlene akamfikiria Junie kwenye chumba cha watu asiowajua, akiamka na kumtafuta mama kwa macho, maana kwa mrija ule sauti haikutoka. Akashika kalamu.

Asubuhi ya kusikilizwa kesi alifika mahakamani amepakata kitu kilichofunikwa karatasi ya bati. Odell akakitazama kwa wasiwasi.

"Hicho nini?"

"Pai."

"Ya nani?"

"Ya mshtakiwa. Sitaki adhani nina kinyongo."

Odell akafumba macho. "Nimeona washtakiwa wakiletewa hati, nimeona wakiletewa matusi. Pai sijapata kuona. Iweke chini ya benchi, tafadhali."

Wakili wa jimbo alisimama kwanza, akaeleza kwa upole kwamba jina lililoandikwa ni la Bi Garrity lakini kesi ni ya jimbo lile lile, imevishwa kofia tu. Jaji, mama mwenye mafua, akamgeukia Odell.

"Mteja wako anadai fedha za nyuma?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hata senti."

"Anataka nini?"

"Mtoto alale kwao."

Jaji akapenga kamasi, akaandika kitambo. Kisha akaamuru kwamba Bi Garrity, na yeyote atakayekalia kiti chake, asimwondoe nesi mpaka kesi isikilizwe yote. Na usiku uliopunguzwa urudishwe, kuanzia leo.

Verlene hakulia. Aliinama tu kuchukua pai, akakaa ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bi Thelma akamfuata ukumbini, wakili wake nyuma yake.

"Binti wa Earline," alisema. "Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Bi Thelma. Nisamehe kwa kuliweka jina lako pale."

"Jina langu hushtakiwa kila mara, mwanangu. Nina kesi nyingi kuliko viatu. Ila zote hunijia kama makaratasi. Niliweka saini ile bila kumwona mtoto yeyote. Leo nimekumbuka kwamba taulo nilishika mimi."

Wakili wa jimbo akakohoa. "Kamishna."

"Nimenyamaza." Akaitazama ile karatasi ya bati. "Hiyo ni ya viazi vitamu?"

"Huwezi kupokea zawadi ya mdai," wakili alisema haraka.

"Basi lipewe jimbo," Odell alisema. "Halishtakiwi, lakini sijasikia kwamba halili."

Hata wakili yule akacheka, akageuza uso.

"Mpelekee Junie," alisema Bi Thelma. "Kiangazi nitakuja kanisani na saladi yangu, kama bado mnanitaka."

"Kesi itakuwa haijaisha."

"Najua."

"Njoo tu," alisema Verlene. "Nitaoka nyingine."

Jioni gari la nesi liliingia uani. Junie alikuwa na makombo ya pai hadi kwenye nyusi. Nesi akanawa mikono, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akawasha mashine. Verlene alijiegemeza kidogo kitandani kwake, asikilize tu kama inavuma sawasawa, usingizi ukamchukua na viatu miguuni.