Mwenye Anasema Ndiye Anaonekana

Musiniambie tena habari ya startapu. Mutoto wangu Djamali iko nayo moja kule Kinshasa, na miye nilikuwa nikijisifu nayo sokoni Kasongo bila kujua ni kitu gani. Sasa najua. Ni mutu kukaa mbele ya mashine na kuahidi watu kitu chenye mikono yake haijagusa hata siku moja.

Ya kwake inaonyesha matanga. Mutu akifa huku, jamaa wenye wako Ulaya wanafungua telefone na kuona mazishi palepale, direkte. Djamali alikuwa akinieleza huku anacheka: "Mama, mashine iko na akili! Mwenye anasema ndiye anaonekana, mukubwa, kioo kizima. Haina haja ya mupiga picha." Nikasema masha'Allah, mutoto wangu. Masha'Allah gani!

Bwana yangu Ayoubu alikata roho swala ya alfajiri ilipokwisha. Kwetu maiti haikawii. Adhuhuri haipiti bila kuzikwa. Shemeji yangu Abdallah, mudogo wa marehemu na imamu wa mutaa wetu, alikuwa amekwisha kuita wachimba kaburi na sanda imekatwa. Ndipo Djamali akapiga telefone, analia. "Mama, ndege hakuna, sitafika. Mungojee kidogo, nimuone baba. Lwamba iko njiani kutoka Salamabila na antene."

Lwamba ni yule anauzia wachimba zahabu enternete kule machimboni, wapate kuangalia mpira na filamu zenye zinakatika kila mara. Antene yake anaifunga nyuma ya moto, ile pikipiki yake, kama mbuzi wa kupeleka sokoni.

Abdallah akakataa. "Mama Djamali, maiti haingoji antene."

Na angeshinda, wallahi angeshinda. Lakini Djamali akaniambia: "Na weye utamuona, Mama. Utakaa chumbani na telefone yako, utamuona baba mpaka anashuka."

Hapo nikalegea. Wanawake wa kwetu hatufuati jeneza. Baba yangu, mama yangu, mutoto wangu wa kwanza, wote nilisikia tu miguu ya wanaume ikitoka uani, kisha ikirudi na udongo. Sikuona hata mmoja akilazwa. Ayoubu nilitaka kumuona. Nikamushika Abdallah kanzu, nikamulilia. Akasema, "Mpaka alasiri. Kwa ajili yako, si kwa ajili ya ile mashine."

Tukangoja. Joto likapanda. Mudogo wangu Malaika alikaa akifukuza nzi kwa pepeo juu ya uso wa bwana yangu, na miye nikaona haya mbele ya maiti yangu mwenyewe. Barabara ya Salamabila munaijua: mvua ikinyesha, ni mutu ndiye anabeba moto. Lwamba alifika na matope mpaka shingoni, alasiri imekwisha kuadhiniwa. Hata maji ya kunywa hakuomba, akaenda moja kwa moja makaburini kusimamisha antene na kamera yake.

Wanaume wakabeba, wakatoka. Tukabaki wanawake chumbani, miye na nguo ya eda, kichwa wazi maana hakuna mwanaume wa kutuona. Malaika akashika telefone. Enternete ikashika! Nikaona migongo ya watu, nikaona majembe, nikaona sanda.

"Huyu hapa," nikasema. "Huyu hapa Ayoubu wangu."

Abdallah hapendi makelele kaburini. Waliposhuka ndani kumupokea, wote wakanyamaza. Na mashine ikatafuta mwenye anasema.

Djamali akatokea, kioo kizima. Suti nyeusi, ukuta mweupe, na jina la startapu nyuma ya kichwa. Anashukuru watu wa Bruxelles, anashukuru watu wa Paris, mmoja mmoja kwa jina, anaeleza namna teknolojia yake itafika vijiji vyote vya Maniema. Baba yake anashushwa, yeye anaeleza.

"Djamali, nyamaza!" nikapiga kelele. "Niachie baba yako nimuone!"

Yoo! Nikajiona miye. Nywele wazi, mudomo wazi, machozi na kamasi. Malaika akanishika bega: "Dada, usiseme! Ukisema inakuonyesha weye!" Sasa ningenyamaza namna gani? Kila nilivyomulilia bwana yangu, ndivyo nilivyomufunika. Nikauma kanga. Nikanyamaza. Djamali akarudi kiooni: "Marafiki, yule mumeona ni mama yangu mpenzi..."

Alipochoka kusema, kaburi likaonekana. Udongo ulikuwa umekwisha kurundikwa. Abdallah alikuwa akimwagia maji juu yake, na watu wakaanza kuvaa viatu.

Hitima ilipokwisha, Djamali akapiga tena. Alikuwa na furaha akiificha, lakini mutoto wako unamujua. Kile kipande cha picha chenye miye ninalia kimezunguka dunia nzima, anasema. Wateja wanamutafuta wenyewe. "Mama, watu wanakupenda. Wanalia pamoja na weye."

Miye, mwanamke wa eda! Muuza maziwa mwenyewe anaacha chupa mulangoni asinione uso, na weye umenianika mbele ya wanaume wa dunia! Nilitaka kumutukana. Nikauliza neno moja tu.

"Pale walipomushusha baba yako, mashine ilipachunga, iliweka picha yake?"

"Mama, inachunga ile tu yenye ilionyesha."

"Basi niambie weye. Ulilia, ukasema tumungoje. Tukamulaza kwenye joto mpaka alasiri kwa ajili yako. Weye ulimuona?"

Akanyamaza. Kule kunyamaza nilimuomba siku ya kaburi, ndiko alinipa sasa.