Neno la Bosi Kiyoyozi

Fundi alitaka kisasi. Tusizunguke mbuyu. Alikitaka tangu siku mama yake mdogo aliporudishwa nyumbani kutoka kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, miguu imevimba kwa kusimama akipiga pasi, kosa lake likiwa kuomba kiti.

Aliyemrudisha ni meneja, ambaye wafuaji walimwita Bosi Kiyoyozi kwa sababu akiingia mahali, watu hupoa.

Uchungu zaidi ni kwamba kisu alikinoa Fundi mwenyewe. Yeye ndiye mtunza kanzidata ya kiwanda, yaani hazina ya taarifa kwenye kompyuta, na humo kila mfanyakazi ana daraja lake: Hodari, Wastani au Mgeni. Madaraja hayo ni aina moja, yaani orodha ya maneno iliyofungwa, haipokei neno lingine. Kiyoyozi akaagiza liongezwe la nne, chini kabisa: Mzigo.

"Kuongeza ni mstari mmoja, bosi," Fundi alimwambia. "Kutoa hakuna amri yake. Mpaka nijenge aina mpya, nihamishe watu wote, ndipo nivunje ya zamani."

"Nani atataka kulitoa?" Kiyoyozi alicheka.

Kesho yake Mama Mdogo akawa Mzigo. Viwanda vyote vya wenye mali wa kiwanda hicho vilisoma kanzidata ileile, kwa hiyo kila mlango aliobisha ulikuwa umeshafungwa.

Fundi akangoja. Ikawa wenye mali wameamua mameneja nao wapewe madaraja, tena na watu wanaowaongoza. Wafuaji walijaza mmoja mmoja, bila kikao wala kunong'onezana. Kwa Kiyoyozi jibu likatoka moja: Mzigo. Wakubwa wangekaa Jumatatu kuamua meneja gani abaki.

Ijumaa Kiyoyozi akabisha hodi kwa Fundi. Hajawahi kubisha hodi maishani mwake.

"Dada yangu, litoe lile neno."

"Nani atataka kulitoa, bosi?"

Kiyoyozi akasogea karibu. Mkuki kwa nguruwe. "Ukilitoa, na mama yako mdogo atasafishika. Nitamrudisha kazini."

Hapo alimpata. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja tu, na Fundi alijua. Lakini kumsafisha mama ilikuwa kumsafisha na Kiyoyozi. Alitamani kumwona anaanguka, na aliona aibu kutamani hivyo kwa gharama ya mama yake mdogo. Akaenda nyumbani kuuliza.

Mama Mdogo alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Akinirudisha yeye, atanitoa tena yeye," alisema. "Mwache humo."

"Na wewe je, mama? Utabaki humo naye."

"Nibaki. Nimekaa humo peke yangu siku nyingi, sasa nimepata mwenzangu. Niongezee maji ya moto, mwanangu."

Jumatatu wakubwa walikaa. Kufika mchana Kiyoyozi alikuwa anabeba vitu vyake kwenye boksi, na hakuna mfuaji aliyenyanyuka kumfungulia mlango.

Jumanne asubuhi Fundi alijenga aina mpya ya maneno matatu, akahamisha watu, akavunja ya zamani kwa raha ambayo hakuificha. Mama Mdogo akatua kwenye Hodari.

Meneja mpya alimwita kazini wiki hiyohiyo, akamuuliza anahitaji nini. Akasema kiti. Walipomwonyesha vya stoo, alivipita vyote, akaenda ofisini kuburuta kile cha Kiyoyozi.