Aliyekohoa

"Umesanitaizi, Mama?"

Vaileth alionyesha viganja vyake, mbele na nyuma, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Alikuwa amesimama juu ya ngazi zinazotoka chumba cha chini, barakoa imembana masikio. Mkwewe Queen alikuwa kwenye kochi, hatua sita hivi kutoka kwake, mtoto wa siku nne amemlalia kifuani. Hatua sita, jamani. Mwanamke ametoka Korogwe, kapanda ndege tatu, kaja mpaka Hyattsville, Marekani, kumpokea mjukuu wake wa kwanza, halafu anaambiwa aishie hapo mlangoni.

"Nimesanitaizi, na kabla ya hapo nimenawa kwa sabuni mpaka viwiko."

"Asante, Mama. Keshokutwa chanjo yako inatimiza wiki mbili. Utamshika Ethan mpaka uchoke."

Sheria zote zilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Viatu vibaki nje. Nguo za kazini ziingie mashine moja kwa moja. Hakuna kumbusu mtoto. Asiyechanjwa homa ya mafua asimsogelee, na aliyechanjwa asubiri siku kumi na nne. Atakayekohoa au kupiga chafya, siku kumi asipande juu. Vaileth alichanjwa kesho yake baada ya kufika, na hesabu ilikuwa nzuri, ila Ethan naye akaharakisha, akazaliwa kabla ya tarehe zake.

Na usidhani Vaileth alizidharau sheria hizo. Kwa miaka thelathini kazi yake huko Korogwe ilikuwa kukanda wazazi na kuogesha vichanga, na mwenye mafua hakuvuka kizingiti cha chumba chake, awe shangazi, awe mchungaji. Alimwelewa Queen, aliyefanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya watoto na alishaona kichanga kimoja kikiwekewa mirija puani. Huko chini alijilinda kwa njia zake pia: asubuhi tangawizi na limau, mchana kitunguu saumu, jioni anajifunika blanketi juu ya sufuria ya mchaichai, anajifukiza mpaka jasho linamtiririka. Sandukuni mlikuwa na mkaja wa kumfunga mzazi tumbo, mafuta ya nazi, na kigoda chake kifupi, kile anachokalia akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya miundi na kumwogesha. Alikuwa amewaogesha watoto wa nusu ya mji. Alichokitaka Marekani ni kumwogesha huyu mmoja tu, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa imebakiza wiki mbili na siku kidogo.

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, alikuwa anakunja khanga aliposikia mtu akikohoa chumba cha kufulia, ukuta kwa ukuta na kitanda chake. Akaenda kuangalia. Mashine ilikuwa inanguruma tupu, haina hata soksi. Pembeni yake mwanawe Dunstan alikuwa ameinama, ameziba mdomo kwa taulo, macho mekundu. Alikuwa ametoka ghalani sasa hivi, fulana ya njano ya kazi bado iko mwilini.

"Hicho kikohozi kimeanza lini?"

"Vumbi tu, Mama. Ghalani ni maboksi matupu."

Vaileth alimwekea kiganja shingoni. Alikuwa anachemka. "Dunstan, mimi si Queen. Kimeanza lini?"

"Juzi." Akakaa juu ya kapu la nguo. "Nakunywa dawa kwenye gari kabla sijaingia. Nikihisi kukohoa nashuka huku. Queen akijua atanipeleka kwa Phineas siku kumi. Miaka sita tumemtafuta huyu mtoto, Mama. Siwezi kwenda kukaa Temple Hills kwenye kochi la rafiki yangu, namwangalia mwanangu kwenye simu."

"Na mimi nimekuja kumwangalia kwenye nini?"

Kikohozi kilimshika tena, na safari hii taulo halikusaidia kitu. Mlango wa juu ukafunguliwa.

"Nani anakohoa huko?" Queen aliuliza.

Dunstan alimtazama mama yake. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, ndevu zimeanza mvi, lakini macho yalikuwa yale yale ya siku alipovunja mtungi wa jirani.

"Mimi," Vaileth alisema.

Lilimtoka hivyo tu. Angepata dakika moja ya kufikiri angesema kweli. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na hata yeye mwenyewe hakujiamini sana. Kisha kiboksi kidogo kikatua kwenye ngazi.

"Dunstan, mpime," Queen alisema. "Sori, Mama. Sikulaumu."

Kipimo chenyewe kilikuwa kijiti cha pamba cha kuzungushwa puani. Vaileth alikaa kwenye kigoda, akainua uso. Dunstan alichana kifuko, akakishika kile kijiti, akasita. Halafu akakiingiza kwenye pua yake mwenyewe. Tundu la kushoto, tundu la kulia, polepole, machozi yanamtoka, na mama huyu aliyewahi kumfukuza mchungaji mlangoni hakufungua mdomo. Baada ya robo saa mistari ilikuwa miwili.

"Ni flu," Dunstan aliita kutoka kwenye ngazi. "Mama anayo."

Vaileth alimkamata mkono kabla hajapanda. "Nimekubeba," alinong'ona. "Lakini yule mtoto usimguse. Lala sebuleni, sema kazi imekuchosha, sema lolote."

"Nitavaa barakoa."

"Sikusema barakoa. Nimesema usimguse."

"Sawa, Mama." Akanawa mikono vizuri kabisa, akapanda. Haikupita nusu saa Vaileth akasikia nyayo juu ya dari, zile nyayo za mtu anayebembeleza mtoto, kwenda na kurudi. Hasira zilimpanda. Ngazi zilikuwa kumi na moja tu, na miguu yake haikuwa mibovu. Akabaki amekaa, na hilo hakujisamehe.

Siku ya tatu Ethan alikataa ziwa. Kufika jioni alikuwa wa moto, wakamkimbiza hospitali, akalazwa siku sita, tano kati ya hizo na mirija puani. Vaileth alibaki peke yake na nyumba nzima. Alisali, akaacha kwa aibu, akasali tena.

Mtoto alipona, tushukuru. Walipomrudisha, Queen alikuja mpaka juu ya ngazi, macho yamevimba.

"Mama, nimeongea na anti Rosemary wa Wheaton. Utakaa kwake hizi siku chache mpaka ndege yako. Sikuchukii. Ila siwezi kufumba macho ukiwa humu ndani."

Dunstan alikuwa nyuma ya mkewe na funguo za gari mkononi. Alikuwa anaangalia funguo. Vaileth alimpa muda, muda wa kutosha kabisa kwa mtu mwenye la kusema. Hata yeye mwenyewe alikuwa nalo la kusema. Lakini akilitoa sasa, ndoa ile ingelala hapo hapo kwenye ngazi, na Ethan ana wiki mbili duniani.

"Sawa, mwanangu," alimwambia Queen. "Mkaja nimekuachia kitandani. Nimeufua kwa maji ya moto."

Kwenye barabara ya University, Dunstan aliendesha bila redio. Walipokaribia Wheaton akasema, "Nitamwambia, Mama. Ngoja kwanza mtoto apate nguvu."

"Lini?"

Taa nyekundu iliwasimamisha. Dunstan alipiga chafya mbili mfululizo, mikono iko kwenye usukani, na kamasi likamshuka mpaka kwenye ndevu. Gari lilikuwa na chupa tatu za sanitaiza, leso hata moja hakuna. Vaileth alijivua khanga ya mabegani. Akamshika kisogo kwa kiganja cha kushoto, vile anavyomshika mtoto beseni likiwa na maji, na kwa mkono wa kulia akambana pua kwa pindo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Penga," alisema.

Dunstan alipenga.

"Tena."

Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi, na Vaileth hakumwachia.